Uzi: Nafufua fremu ya chuma ya Kijapani iliyotengenezwa kwa mkono. Nipake rangi upya au niiache?

MsasaLaini (mwenye uzi)

Wadau, heshima kwenu. Nina fremu hapa ambayo nimekaa nayo wiki tatu bila kuigusa kwa spana, kwa kuogopa kuiharibu. Ni baiskeli ya mbio za barabarani, ya chuma, imetengenezwa Japani kwa mkono. Aliyeniuzia aliiweka stoo miaka mingi. Tairi zimeoza na mnyororo umekuwa kipande kimoja cha kutu, ila mabomba yamenyooka na sioni ufa popote.

Kwenye bomba la kiti imebaki nusu ya stika, inasomeka Ishiwata 022. Chini ya nyumba ya beringi za kranki kuna namba ya tarakimu nne, na inaonekana iligongwa kwa nyundo, tarakimu moja moja, maana hazikai kwenye mstari. Jina la mtengenezaji halipo, stika za bomba la chini zilishabanduka zote. Vifaa ni Shimano 600, ile ya zamani yenye nakshi za majani. Nyuma ya mkono wa kranki kuna herufi mbili, ED.

Kinachoninyima usingizi ni lagi, vile vikuku vya chuma vinavyoshika maungio ya mabomba. Zimepigwa tupa mpaka kingo zimekuwa nyembamba kama ukucha, na kwenye kila ncha mstari unaishia mahali pamoja, kushoto na kulia. Mtu alikaa na tupa saa nyingi kwa ajili ya kitu ambacho mpandaji wala hakioni akiwa barabarani.

Rangi ni bluu iliyokoza. Imebanduka kwenye bomba la juu na karibu na masikio yanayoshika gurudumu la nyuma, na pameanza kutu. Swali la kwanza: niipake upya yote au niiache ilivyo? La pili: nataka kuipanda, siitaki ya kutundika ukutani. Meno ya mbele ni 52 na 42, nyuma yanaishia 21. Magoti yangu hayatavumilia mlima wowote kwa mpangilio huo. Nibadilishe nini bila kuiumiza?

Gololi11

Hongera sana mkuu. Nianze na herufi, kwa sababu hizo zinasema wazi. Kwa Shimano wa enzi zile herufi ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1976, na ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari. Kwa hiyo ED ni Aprili 1980. Ila angalia: hiyo ni tarehe ya kranki, siyo ya fremu. Tazama pia kihamisha cheni, breki na habu za katikati ya magurudumu. Zikikaribiana zote, basi baiskeli ilifungwa vifaa mara moja, na fremu itakuwa ya mwaka huo au mmoja mbele.

Hiyo 022 ni uzito wa seti nzima ya mabomba, kama kilo 2.2. Ishiwata walikuwa na 019 kwa wanaotaka wepesi na 024 kwa wanaotaka ugumu. Yako ni ya katikati, ya kukimbia siku nzima. Kampuni ilifungwa miaka ya 1990, na baadhi ya waliokuwa wafanyakazi wake wakaanzisha Kaisei, ambayo mabomba yake mafundi wa Japani wanayatumia mpaka leo.

Jambo moja ulishike kabla hujaanza. Mabomba ya namna hiyo ni manene kwenye ncha, pale yanapolehemewa, na membamba katikati. Huko katikati ukuta wa chuma unaweza kuwa nusu milimita na kitu kidogo. Usiibane kamwe fremu kwenye jiliwa ukishika bomba, wala kwenye stendi ya kufanyia kazi. Shika nguzo ya kiti.

PingiliMoja

Samahani wakuu, mimi ni mgeni kwenye mambo haya. Nimesoma kwamba baiskeli za Kijapani za mkono zina muhuri wa NJS. Ya mwenye uzi haina. Je, siyo ya bandia?

KapiLaChuma

Karibu ndugu yangu, na swali lako ni zuri maana wengi linawapoteza.

NJS ni muhuri wa keirin, mashindano ya kamari ya baiskeli yaliyoanza Kokura mwaka 1948, Japani ilipokuwa inajikwamua baada ya vita na miji ikihitaji fedha. Kwa kuwa watu wanaweka pesa juu ya mpandaji, kila kifaa lazima kiwe kimekaguliwa, ili mtu asishinde au kushindwa kwa sababu ya baiskeli. Fremu, habu, pedali, hata mnyororo. Hizo ni baiskeli za uwanjani: gia moja, hazina breki, masikio ya nyuma yanafunguka kuelekea nyuma. Ya mwenye uzi ni ya barabarani, ina tundu za breki na sehemu ya kufunga kihamisha cheni. Haina sababu ya kuwa na muhuri huo. Kukosa NJS hakuipunguzii kitu.

Lakini keirin ndiyo iliyowalea hawa mafundi. Maelfu ya wapandaji wa kulipwa, kila mmoja anataka fremu ya mwili wake, na ikianguka anataka nyingine. Karakana ya mtu mmoja au wawili ikapata riziki ya kudumu, na mkono uliozoea kutengeneza ya uwanjani ukatengeneza na ya barabarani. Yoshiaki Nagasawa alikwenda Italia akajifunza kwa Sante Pogliaghi na kwa Ugo De Rosa, kisha akarudi nyumbani kufungua karakana yake. Koichi Nakano, mpandaji aliyetumia fremu zake, alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio fupi za uwanjani kwa wataalamu mara 10 mfululizo, 1977 hadi 1986, na jina la Nagasawa likajulikana pamoja na lake. Kuna karakana ya Cherubim tangu 1965, kuna 3Rensho wa Yoshi Konno, jina ambalo maana yake ni ushindi mara tatu mfululizo. Kuna Toei wa Kawaguchi, ambao wengi tunawapenda kwa baiskeli zao za safari ndefu.

Na chini ya majina hayo kuna mafundi wengi ambao hawakuandikwa popote nje ya mji wao. Mwenye uzi, fremu yako inaweza kuwa ya mmoja wao. Usimlazimishie jina kubwa. Nimeona watu wakibandika stika ya 3Rensho juu ya fremu ya mtu mwingine, na kwangu huo ni wizi mara mbili: unamdanganya mnunuzi, na unamfuta fundi aliyeshika tupa.

MsasaLaini (mwenye uzi)

KapiLaChuma, hiyo ya mwisho imeniingia. Sitabandika kitu.

Gololi11, nimekagua. Kihamisha cheni cha nyuma kinasema EC, habu ya mbele ED. Kwa hiyo ni Machi na Aprili 1980.

Sasa tatizo. Nguzo ya kiti haitoki. Ni ya alumini, imekaa humo sijui miaka mingapi, wala haizunguki. Nifanyeje?

Gololi11

Pole. Alumini na chuma vikikaa pamoja na unyevu, alumini inaliwa, na unga mweupe unaotokea una ujazo mkubwa kuliko alumini yenyewe. Ndiyo maana inabana hivyo. Dawa ya kwanza ni subira. Toa boliti ya kubania kabisa. Geuza fremu kichwa chini, toa beringi za kranki, mimina mafuta ya kupenya kwa ndani kupitia bomba la kiti, yashuke mpaka kwenye nguzo. Acha. Kesho tena. Fanya hivyo wiki nzima kabla ya kutumia nguvu.

Kisha tumia baridi. Alumini husinyaa karibu mara mbili ya chuma ikipoa, kwa hiyo ukiipoza nguzo kwa barafu unapata upenyo mdogo. Moto usiutumie, utaunguza rangi, na moto unaitanua alumini kuliko chuma, ndio unazidi kubana.

Ikishindikana, bana kichwa cha nguzo kwenye jiliwa imara, uzungushe fremu yenyewe kwa mikono miwili, taratibu, mbele na nyuma. Hapo nguzo itakufa, lakini nguzo inanunulika.

Mpandamlima

Naongeza: ukizungusha fremu hivyo shika karibu na bomba la kiti, usishike mwisho wa mabomba ya nyuma. Ukishika mbali unapata nguvu nyingi kuliko unavyohisi, na mabomba ya nyuma ni membamba. Na kuna watakaokuambia uyeyushe nguzo kwa soda kali. Inafanya kazi kweli, inaila alumini na kuacha chuma. Ila inatoa gesi inayowaka, inaunguza ngozi na macho, na ikimwagika kwenye rangi imekwisha. Iwe ya mwisho kabisa, nje ya nyumba, na miwani.

MsasaLaini (mwenye uzi)

Mrejesho. Siku ya tisa, barafu ndani ya nguzo nusu saa, kichwa kwenye jiliwa. Nilisikia mlio kama wa kuni kavu, ikazunguka nywele moja. Ilinichukua saa mbili kuitoa yote. Nimeipima: 27.2. Bomba la kiti halikuumia.

Baada ya hapo nikafungua shingo. Kuna kitu nataka mkione, picha nitaweka. Kwenye mrija wa uma, ule unaoingia ndani ya shingo ya fremu na hauonekani mpaka uvuliwe, kuna namba imegongwa. Ni tarakimu zile zile nne za chini ya kranki. Hata ile tarakimu ya tatu imeinama upande ule ule.

KapiLaChuma

Basi uma ni wake wa kuzaliwa. Fundi aligonga namba kwenye fremu, akageuka akagonga kwenye uma, kwa mihuri ile ile, ili visipotezane wakati wa kupaka rangi. Hilo ni bora kuliko stika. Na maana yake ni kwamba haijawahi kugonga kitu kwa mbele ikabadilishiwa uma.

Sasa pima unyoofu kabla ya jambo lingine. Funga uzi kwenye sikio la nyuma la kulia, uzungushe mbele ya shingo, urudi kwenye sikio la kushoto, uvute ukaze. Pima kutoka uzi mpaka bomba la kiti, kulia na kushoto. Vipimo vikilingana, au vikitofautiana milimita moja tu, fremu imenyooka.

MsasaLaini (mwenye uzi)

Kulia 29, kushoto 29 na nusu. Nafasi kati ya masikio ya nyuma ni milimita 126.

Mpandamlima

126 ni ya gia sita au saba za enzi hizo. Gurudumu la kisasa la barabarani la gia nane mpaka kumi na moja linataka 130. Ndiyo hapo watu wanaanza kupanua chuma kwa nguvu. Milimita mbili kila upande, na chuma kinakubali, nimeshafanya mwenyewe kwenye fremu nyingine bila shida. Unapanua, unanyoosha masikio yawe sambamba tena, unanyoosha na sehemu ya kihamisha cheni. Ukipata gia kumi na moja, mlima utakuwa rahisi.

KapiLaChuma

Inawezekana, Mpandamlima, wala sikatai. Ila mimi kwa fremu za mkono nina kipimo kimoja: je, atakayeimiliki baada yangu anaweza kurudisha? Usukani unarudishwa. Kranki inarudishwa. Magurudumu yanarudishwa. Chuma ukishakikunja na kukikunjua hakiwi kile alichokiacha fundi, hata kama kitadumu. Na mwenye uzi ameomba magoti yapone, hajaomba gia kumi na moja. Hilo linapatikana kwenye 126.

Chukua friwili, lile fungu la meno ya nyuma, ya meno 14 mpaka 28, gia sita au saba. Badilisha kranki: Sugino wanazo zinazokubali sahani ndogo, weka 46 na 34 mbele. Sasa ulikuwa na 42 kwa 21, mzunguko mmoja wa pedali unazungusha gurudumu mara mbili kamili. Ukiwa na 34 kwa 28, ni mara 1.2. Huo ni mlima mwingine kabisa. Kranki ya zamani ifunge kwenye kitambaa uiweke na namba yake ya ED.

Gololi11

Naunga mkono. Na kabla hujafungua hiyo kranki zaidi, mambo mawili. Kikombe cha kulia cha beringi kinafunguka kinyume, kwa kuzungusha kuelekea mkono wa saa. Japani walifuata nyuzi za skrubu za Kiingereza, nyumba ya milimita 68, tofauti na Italia ambako pande zote mbili zinafunguka kwa kawaida. Wengi wamekaza wakidhani wanafungua. Na ukisafisha, rudisha gololi 11 za robo inchi kila upande. Kukiwa na kizuizi cha chuma chenye gololi tisa, kitupe, jaza 11 za wazi kwenye grisi. Nyuma kwenye habu ni tisa kila upande za robo inchi, mbele ni kumi kila upande, ndogo, za inchi 3 kwa 16.

Nunua gololi mpya. Ni kitu rahisi kuliko vyote kwenye baiskeli na ndicho kinachobeba uzito wako.

PingiliMoja

Mimi naomba niseme kosa langu ili mwenye uzi asilirudie. Nilitaka kusuka upya gurudumu la nyuma la baiskeli ya zamani. Nikakata spoki zote, nikabaki na habu na friwili mkononi. Ndipo nikagundua friwili haitoki bila kitu cha kushikia. Rimu na spoki ndizo zilikuwa mpini wa kunipa nguvu, na nilikuwa nimezikata. Habu nzuri sana, ya zamani, imeharibika kwenye jiliwa.

Gololi11

Asante kwa kulisema. Friwili kwanza, kifaa chake sahihi, kikibanwa kwa ekseli ya gurudumu kisiruke, ndipo ufikirie spoki. Na friwili za Suntour, kampuni nyingine ya Kijapani, zina mipasuko miwili au minne ya kushikia kifaa. Kifaa cha miwili kinateleza na kumega ukilegea hata kidogo.

Nikiwa kwa Suntour: wale ndio waliobuni kihamisha cheni cha nyuma chenye mwili ulioinama, mwaka 1964, ambacho kinaifuata ngazi ya meno badala ya kwenda mlalo. Haki yao ya ubunifu ilipokwisha miaka ya 1980, kila mtu akakitumia. Mwenye uzi akitaka gia zibadilike kwa wepesi zaidi kuliko hiyo 600, Suntour Cyclone ni ya Kijapani, ya enzi ile ile, na haitaonekana ngeni.

MsasaLaini (mwenye uzi)

Nimeamua: 126 inabaki. Rimu zilikuwa za tairi za kushonwa, zile zinazogundishwa kwa gundi, nami sizitaki kwa matumizi ya kila siku. Nimesuka rimu za 700C za kawaida kwenye habu zile zile za 600. Uso wa breki uko karibu kabisa na pale pale, breki za zamani zimefika bila shida. Friwili niliitoa kwanza, PingiliMoja, ubarikiwe.

Beringi za shingo zimekwisha, njia za gololi zina vishimo, usukani unajisimamisha katikati wenyewe. Nimenunua mpya na pete ya chini haiingii kwenye uma. Nigonge kwa nguvu?

KapiLaChuma

Usigonge! Pima hapo pete inapokaa. Fremu nyingi za Kijapani za enzi hizo ni milimita 27.0, na ulichonunua bila shaka ni 26.4. Hata vikombe vya shingo: 30.0 kwa kipimo cha Kijapani, 30.2 kwa kile kingine. Kuna watakaokuambia uma ukatwe kwa mashine ushuke kuwa 26.4. Hapo unaondoa chuma kwenye uma wenye namba yake kwa sababu ya kifaa cha kununua. Tange bado wanauza beringi za shingo za Levin kwa kipimo cha Kijapani. Rudisha uliyonunua, chukua Levin.

Vivyo hivyo kwenye usukani. Nitto wanatengeneza shina, kile kipande kinachoshika usukani, la kubana 25.4 na la 26.0, na usukani wa vipimo vyote viwili. Tofauti ya milimita 0.6 haionekani kwa jicho. Usukani wa 25.4 kwenye shina la 26.0 unakazika, unakwenda vizuri, mpaka siku unashuka mlima na kufunga breki, unazunguka mbele mikono ikiwa juu yake.

MsasaLaini (mwenye uzi)

Nimepima uma: 27.0. Levin imeingia kwa mapigo manne mepesi. Usukani na shina vyote ni Nitto na vyote 25.4, nimehakikisha kwa kipimo.

Sasa turudi kwenye rangi, ambayo mmeikwepa.

Mpandamlima

Sijaikwepa. Paka upya. Rangi kazi yake ya kwanza ni kulinda chuma, na yako imeacha kulinda. Kutu inaingia chini ya rangi na kutembea humo usikoona. Fundi mwenyewe angekuwa hai na ukampelekea, angeipaka. Wako mafundi wa Japani wanaopokea fremu zao za zamani na kuzipaka upya, ni sehemu ya kazi yao. Kuabudu rangi iliyobanduka ni kuusahau mwendo.

KapiLaChuma

Hoja hiyo ni nzito na sitaipuuza. Tofauti yangu nawe ni nani anapaka. Akipaka yeye aliyezipiga lagi tupa, anajua kingo zake. Akipaka mtu mwingine, kwanza anasafisha kwa kurusha mchanga, na mchanga mkali unakula chuma chembamba na kuziviringisha zile kingo. Kisha anakuja na rangi ya unga, inayopikwa karibu na nyuzi 200. Joto hilo halifiki kokote karibu na kuyeyusha maungio, hata yale ya fedha yanayohitaji zaidi ya nyuzi 600, kwa hiyo si hatari. Lakini ni nene. Inajaa kwenye kona, na mstari ule uliomnyima usingizi mwenye uzi unakuwa kama umevikwa blanketi. Ikibidi kupaka, iwe rangi ya kimiminika ya kupuliza, tabaka nyembamba, na ya zamani itolewe kwa dawa ya kuondolea rangi na mkono.

MsasaLaini (mwenye uzi)

Nimewasoma wote mara mbili. Jana nikachukua kioo cha kukuzia nikatazama kila doa la kutu. Ni la juu juu. Nikikwaruza kwa ncha ya shaba chuma kinang'aa, hakuna shimo. Na rangi iliyobaki ni zaidi ya tisa kwa kumi. Naiacha. Nitibu madoa tu. Nielekezeni.

Gololi11

Kwa madoa: asidi ya oksaliki ya unga, iliyoyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu. Loweka pamba, weka juu ya doa, funika kwa plastiki isikauke, angalia kila nusu saa. Inakula kutu na kuiachia rangi, ingawa jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Ni sumu, vaa glavu, usivute vumbi lake. Suuza kwa maji yenye magadi ya kuokea, kausha saa hiyo hiyo, kisha praima ya epoksi kwa brashi ndogo, msasa laini wa maji, halafu bluu. Usijaribu kufanya doa lisionekane. Fanya lisiote kutu tena.

Kromu ya uma: karatasi ya alumini ya jikoni na maji. Sugua. Alumini ni laini kuliko kromu haiikwaruzi, na kutu inatoka nyeusi mikononi. Malizia na nta.

Ndani ya mabomba ndiko ambako wengi hawaendi, na huko ndiko fremu hufia. Mimina mafuta ya kitani yaliyochemshwa, geuzageuza fremu yafike kila bomba, iache ichuruze siku mbili kupitia nyumba ya kranki. Yanakauka kuwa ngozi ngumu. Matambara uliyofutia usiyakunje na kuyatupa pamoja: mafuta ya kitani yakikauka yanazalisha joto na matambara yaliyorundikwa yanaweza kushika moto yenyewe. Yatandaze nje, au yazamishe kwenye maji.

Mpandamlima

Nakubali uamuzi, kwa kuwa umetazama kwa kioo na umeona siyo ya ndani. Ungesema kuna mashimo nisingekubali. Kila mwaka ufungue nguzo, utazame tena.

PingiliMoja

Na waya za breki? Mpya zinaweza kupita kwenye mikono ya breki ya zamani?

Gololi11

Zinapita. Kwenye mikono ya zamani waya unatokea juu, unapinda hewani. Weka ganda la waya la kisasa lenye utando laini ndani, na ukate fupi kiasi cha kutovutika ukigeuza usukani mpaka mwisho. Breki mbaya nyingi za zamani ni waya mbaya na mpira uliokauka. Badilisha mipira, usibadilishe breki. Na breki za kisasa zinafungwa kwa nati ya kuzama inayotaka tundu la milimita 8 kwenye fremu. Zako zina nati ya nje na tundu jembamba. Ukibaki na za zamani, au breki za Dia-Compe zenye boliti ndefu, hutahitaji kutoboa chochote.

MsasaLaini (mwenye uzi)

Mrejesho wa mwisho, picha zipo chini.

Breki zimebaki za 600 na mipira mipya. Kranki Sugino 46 na 34, friwili 14 mpaka 28, kihamisha cheni kile kile cha EC, kinafika jino la mwisho bila kugusa spoki. Vijiti vya gia viko kwenye bomba la chini, vya kusikilizia mkono, havina mibofyo ya kusimama kwenye kila gia. Tairi za milimita 28 zinapita chini ya uma zikiacha nafasi ya kidole.

Nimetoka nayo asubuhi, kilomita 41. Kwenye mlima wa kwanza nilikwenda 34 kwa 28 nikiwa nimekaa. Nilichokiona ni jinsi inavyonyooka mwendo ukiongezeka, haitaki kusukumwa mkono wala kushikwa sana. Sina neno zuri zaidi. Nilisimama juu nikaitazama, jua likiwa chini, na kingo za lagi zilikuwa zinatupa kivuli chembamba kwenye bluu ile ya zamani.

Kuna mlio mmoja mdogo, tik, kila nikibonyeza pedali ya kulia nikiwa nimekaa. Nikisimama unaacha.

KapiLaChuma

Ukisimama unaacha, basi si kranki. Ni nguzo ya kiti au reli za kiti. Toa nguzo, futa, paka grisi tabaka jembamba kwenye sehemu yote inayoingia, na kaza upya boliti ya reli. Grisi hiyo hiyo ndiyo itakayomwokoa mtu mwingine asikae siku tisa na barafu.

MsasaLaini (mwenye uzi)

Nimepaka. Mlio umekwisha.